Kijana, Simu na Mazungumzo ya Nyumbani

Mzazi wa hapa kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, amkutaye mwanawe saa nane za usiku angali ameikodolea macho simu, aghalabu humpokonya, akaifungia kabatini, akarudi kulala akiwa na yakini kwamba maradhi yamekatwa mzizi. Rai yangu ni kwamba hiyo si tiba.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeuingiza uraibu wa michezo ya kompyuta na simu, walakini halikuutaja uraibu wa intaneti kwa jumla. Na hata huo wa michezo hautambulikani kwa hesabu ya saa, bali kwa mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli zake nyingine zote, na kuendelea nao ilhali madhara yake anayaona, kwa kawaida muda wa miezi 12 au zaidi. Basi barobaro amalizaye bando lake siku za likizo si mgonjwa kwa sababu hiyo pekee, na kumwita hivyo ni kumdhulumu.

Wataalamu wa Uholanzi walichapisha mwaka 2010 uchunguzi ulioonyesha kwamba amri kali juu ya muda wa kutumia intaneti huweza hata kuichochea tamaa, ilhali mazungumzo mema baina ya mzazi na mtoto juu ya mambo ayafanyayo humo huwa kinga. Huko Uchina nako, familia zenye vijana walioathirika na uraibu wa intaneti zilikusanywa pamoja katika vikao 6, vijana wengi wakapata nafuu, na sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na kutengenea kwa maneno kati yao na wazazi wao.

Sababu haiko mbali. Kijana hufuata mtandaoni sifa, masahibu na sikio la kumsikiliza, na nyumbani, hasa katika nyua zetu ambamo familia kadhaa hukaa pamoja na faragha ni adimu, maneno ayapatayo ni maagizo na maulizo: umesoma, umeteka maji, ulikuwa wapi? Mzazi na aketi ubavuni pake amwulize, "Mwanangu, mchezo huu unacheza na nani?", kisha anyamaze asikie, hata jibu likiwa la kuchukiza. Baadaye ndipo wapatane saa ya simu zote kulazwa sebuleni, ya baba ikiwamo (akina baba hapa hunikasirikia). Siku za mwanzo kijana atakuwa mkali na usingizi utamtoroka. Asihukumiwe kwa hayo. Baba akishindwa kunena bila ghadhabu, yuko shangazi, ambaye tangu zamani ndiye msiri wa watoto wa kaka yake.

Ama aliyeacha shule, au anenaye habari za kujidhuru, huyo apelekwe bila kukawia kwenye kituo cha maradhi ya akili cha Kamenge, mzazi akifuatana naye, na mbele ya tabibu aachiwe kijana aanze kusema.