Matooke ya Masaka, kwa Kiswahili cha bibi

MASAKA, Uganda. Ukitoka Bukoba ukavuka mpaka wa Mutukula, mbele yako kama kilomita 90 ndipo Masaka. Abiria wengi hushuka wakanunua chipsi na soda. Safari hii niliingia hoteli ndogo nyuma ya stendi, ya bibi mmoja, binti yake na wajukuu wawili. Huulizi orodha ya vyakula, unauliza kilichoiva. Siku hiyo yalikuwa matooke na luwombo ya kuku.

Sisi Wahaya hatushangai ndizi. Huzikata, tukazipika sufuria moja na maharage, mchuzi ukabaki. Hapa ndizi zilizomenywa hufungwa majani ya mgomba, zikaivishwa kwa mvuke, zikakandwa kwa mikono zikiwa ndani ya majani yale yale, kisha zikarudishwa motoni. Ladha yote unaipata kwenye luwombo: kuku na mchuzi wa karanga ndani ya jani changa lililobabuliwa. Nilipolifungua, niliweka kijiko kando nikaomba maji ya kunawa.

“Mtanzania?” aliuliza binti, kwa Kiswahili alichofundishwa na madereva wa malori. Nikaitikia. Bibi, aliyekuwa akisema Kiganda tu, akatamka polepole: “Mikono juu. Kaa chini.”

Sikujua nicheke au ninyamaze. Binti akaeleza kwamba mwaka 1979, jeshi la Tanzania lilipokuwa likimsukuma Idi Amin, Masaka ilibomolewa kwa mizinga. Bibi alikuwa msichana. Kiswahili alikisikia kwa wenye bunduki, wa Amin kwanza, halafu wetu. Serikali ya Uganda ilikiidhinisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, na mjukuu mdogo ameanza kukisoma shuleni, lakini bibi bado ana maneno yale manne.

Nikampa pole. Nikamweleza kuwa bibi yangu naye, mwaka 1978, aliwakimbia askari wa Amin walipoingia Kagera, akaacha shamba na mifugo. Binti alitafsiri. Bibi aliuliza swali moja tu: njiani walikula nini?

“Ndizi za kuchoma.”

Akaingia jikoni, akarudi na luwombo nyingine, akaifunga vizuri kwa kamba ya mgomba. Ya bibi yako, akasema, na usiichanganye na maharage.

Dereva alikuwa anapiga honi.