Damu Inapopungua Kasi Ndani ya Figo

Figo mbili za mtu mzima hupitisha takriban lita moja ya damu kila dakika, karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, ambavyo kwa siku huchuja lita 180 hivi za majimaji. Karibu yote hurudi mwilini. Mkojo ni lita moja na nusu tu. Kwa hesabu hiyo figo ni kiungo cha damu kabla ya kuwa kiungo cha mkojo, na mengi yanayoiharibu huanzia kwenye mishipa.

Presha ya muda mrefu hukakamaza mishipa inayoleta damu kwenye vichujio. Kisukari huvisukuma kupita kiasi miaka ya mwanzo, kisha huviachia makovu, na protini huanza kuvujia kwenye mkojo. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, vinavyouzwa duka la dawa bila maswali mengi, huzuia kemikali inayoiweka mishipa hiyo wazi. Kwa kijana mwenye afya si neno. Kwa mzee aliyeishiwa maji kwa kuhara siku mbili, huweza kuwa pigo la mwisho.

Mkoani Kagera kuna sababu nyingine zenye historia yake. Malaria kali huziba: chembe nyekundu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa myembamba, na figo huweza kusimama ghafla. Wilaya ya Muleba ndiko vilikojaribiwa, kuanzia 2015, vyandarua vyenye kiambato cha PBO, na Shirika la Afya Duniani likavipendekeza mwaka 2017. Hospitali ya Ndolage, wilaya hiyohiyo, ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania mwaka 1983. VVU vyenyewe hushambulia vichujio, na tenofovir, dawa iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha wagonjwa wengi, huwadhuru figo wachache wao. Hiyo ni sababu ya kupima, si ya kuacha dawa.

Ugumu ni kwamba figo haiumi. Mgongo uliochoka kwa kupalilia migomba husingiziwa figo, ilhali figo inayosinyaa hukaa kimya mpaka miguu ivimbe na pumzi ipungue. Ukimya huo ulionekana wazi Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Kati ya Oktoba 2011 na Machi 2012 watafiti, wakiwamo Mubarakali Janmohamed, Samuel Kalluvya na Robert Peck, waliwapima watu wazima 369 wa kliniki ya kisukari. Waliokutwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo walikuwa 309, karibu asilimia 84, na kwenye mafaili ya karibu wote ugonjwa huo haukuwa umeandikwa. Takwimu hiyo isichukuliwe kuwa ya wananchi wote: ni ya wagonjwa wa kisukari waliofika hospitali kubwa. Uchunguzi wa majumbani huko Moshi, uliochapishwa 2015, ulipata asilimia 7.

Wengi wa wale wa Bugando waligunduliwa kwa protini kwenye mkojo, wakati uchujaji wenyewe ulikuwa bado haujashuka sana. Hapo presha na sukari zikidhibitiwa, miaka mingi huokolewa. Kipimo cha damu cha kreatinini, taka itokayo kwenye misuli, huonyesha kasi ya uchujaji. Ikikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu, ugonjwa huitwa sugu.

Figo zikishindwa kabisa, hubaki kupandikizwa nyingine au kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida saa nne, mara tatu kwa wiki. Mtu wa Bukoba, mkoani Kagera, aliyepewa rufaa Mwanza huwa na meli ya usiku au barabara ya Biharamulo na Geita, ambayo tangu Juni 2025 hupita daraja la Kigongo–Busisi badala ya kivuko. Hata hivyo, safari tatu kwa wiki haziwezekani. Tiba ya namna hiyo humhamisha mtu.

Mashine huvuta mililita 300 au zaidi kwa dakika, na mshipa wa kawaida wa mkono hauwezi kutoa kiasi hicho. Mwaka 1966 Michael Brescia na James Cimino wa New York walieleza njia ya kuunganisha ateri na vena karibu na kifundo cha mkono, vena ikatanuka na kupata nguvu. Kiungio hicho huitwa fistula, jina ambalo Watanzania wengi wanalijua kwa jeraha la uzazi, jambo tofauti kabisa. Huweza kusinyaa na kuganda, kwa hiyo mtiririko wake hufuatiliwa. Mwaka 1995 Nikolai Krivitski alionyesha jinsi ya kuupima mgonjwa akiwa mashineni: mirija miwili hubadilishwa nafasi, maji ya chumvi huingizwa, na vihisi vya mawimbi ya sauti husoma jinsi damu ilivyozimuliwa. Mtiririko wa fistula ukishuka chini ya mililita 400 hadi 500 kwa dakika, daktari huutafuta mbano.

Pasipo kifaa hicho, vidole hutosha kwa ukaguzi wa kila asubuhi. Vikiwekwa juu ya kiungio husikia mtetemo mwororo. Ukitoweka, huenda damu imeganda, na mgonjwa hupaswa kufika hospitali siku hiyohiyo, maana bonge la damu likiondolewa mapema mshipa huweza kuokolewa.