Wino na Jamaa Zake

Mtoto akiuliza, "Baba, wino maana yake nini?" mtamjibuje? Wengi watasema, "Ni maji meusi ya kuandikia," basi. Lakini neno hili lastahili kuangaliwa zaidi.

Vyombo vingi vya mwandishi vina majina yaliyovuka bahari. Kalamu ni neno la Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wayunani, ambao kwao maana yake ni tete. Karatasi ilipita njia iyo hiyo. Lakini wino sivyo. Waarabu husema hibri au midadi. Na midadi hutajwa katika tenzi za kale, lakini nyumbani na shuleni watu wa pwani husema wino. Wala mtu asidhani kuwa ni ndugu wa mvinyo, kwani hilo ni neno la Wareno. Na kuandika ni neno la Kibantu: twaandika meza kwa kupanga vyombo, twaandika barua kwa kupanga maneno. Hata bara wino ulifika, nao Waganda huuita bwino.

Wayunani waliuita melan, yaani kitu cheusi. Ndilo neno alilotumia Mtume Paulo alipowaambia Wakorintho kuwa wao ni barua isiyoandikwa kwa wino. Sababu ya jina hilo ni wazi: wino wa kale ulikuwa masizi yaliyokorogwa kwa gundi na maji. Wino huo haupauki juani, bali maji huweza kuuosha.

Tena tuangalie Bagamoyo. Padre Charles Sacleux alifika pwani hii mwaka 1879, akakusanya maneno miaka mingi. Kamusi yake ilipigwa chapa Paris, 1939 hata 1941. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, aliandika desturi za Waswahili, zikachapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, mbali na kwao. Wazee waliowasimulia watu hao wamekwisha kufa wote, lakini maneno yao twayasoma hata leo.

Basi, walimu na wazazi, mpeni mtoto daftari, amwendee bibi yake, amwulize majina ya samaki, ya miti na ya pepo za bahari, ayaandike yote kabla bibi hajaondoka. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na maneno ni mali.