Sukari ya Mja Mzito

Je, wajua kwamba mtu aweza kupata ugonjwa wa sukari kwa miezi michache tu, kisha ukamtoka? Shangazi yangu alipokuwa mja mzito aliambiwa kliniki kuwa sukari yake imepanda. Nyumbani watu wakasema ni ile chai yake ya vijiko vinne. Chai ilikuwa tamu kweli, lakini si yeye wala chai tu wa kulaumiwa.

Kongosho hutoa insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye seli za mwili. Estrojeni, homoni ya kike, kwa kawaida husaidia mlango huo kufunguka vyema. Hedhi inapokoma, kwenye miaka 50 hivi, estrojeni hupungua, mafuta hujaa tumboni na insulini huanza kupuuzwa.

Mimba nayo ina mambo yake. Kondo la nyuma humwaga homoni nyingi, projesteroni ikiwemo, zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama ili sukari ibaki damuni, mtoto apate chakula. Basi kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Likishindwa, sukari inapanda. Kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28: mama hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, halafu anatolewa damu. Asipotibiwa, mtoto aweza kunenepa mno na uzazi ukawa mgumu.

Shangazi alijifungua salama. Kondo lilipotoka, sukari ikashuka. Hata hivyo bado huenda kupimwa, maana aliyewahi kupata kisukari cha mimba yuko hatarini zaidi kupata kile cha kudumu. Chai sasa ni kijiko kimoja, na sisi sote tumelazimishwa!