Je, Wajua? Italia Chini ya Mlima Kenya

Ukiingia mkahawa wa mtaani mjini Meru au Embu ukaagiza piza, tambi na kikombe cha kahawa, usidhani umekula vya watu wa mbali. Wakazi wa miteremko ya Mlima Kenya na Waitaliano wamejuana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Je, wajua kwamba wamishonari wa Consolata, waliotoka mji wa Torino, waliingia Kenya mwaka 1902 na kufika Meru mwaka 1911? Hospitali ya Nkubu ina jina lao hadi leo.

Je, wajua kwamba kaskazini mwa Italia, walikotoka wamishonari hao, watu husonga unga wa mahindi kama sisi? Wao huuita polenta. Mahindi hayo yalitoka Amerika, sawa na nyanya. Kabla ya safari ya Columbus ya 1492, Italia nzima haikujua mchuzi wa nyanya.

Je, wajua kwamba mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita Waitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Nanyuki ili tu waupande Mlima Kenya? Miongoni mwa vielekezi vyao ilikuwa picha ya mlima kwenye kopo la nyama. Wawili walisimika bendera ya Italia kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wote wakarudi kambini kwa hiari yao.

Je, wajua kwamba ufundi wa mapishi ya piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2017?

Je, wajua kwamba mashine ya kwanza ya kahawa ya espresso ilisajiliwa Torino mwaka 1884 na Angelo Moriondo? Huku kwetu, serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima kahawa hadi miaka ya 1930, ilipowaruhusu kwanza wakulima wa Meru, Embu na Kisii.

Leo sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya huuzwa ng'ambo. Basi ukikaa mezani, muulize mhudumu kahawa yake imetoka shamba gani, nawe uagize ya Meru au Embu. Mkulima ambaye wazee wake walinyimwa haki ya kuipanda anastahili wateja wa nyumbani.