Majivu ya Visiwani na Shingo ya Mwanao

Leo tuzungumzie mionzi. Najua utauliza, mionzi na sisi wa Kirua Vunjo wapi na wapi? Subiri nikueleze kilichonifanya nishike kalamu.

Alikuja kwangu mzee mmoja mwenye kikohozi cha wiki tano. Kipimo cha makohozi hakikuonyesha kitu, nikamwandikia picha ya eksirei ya kifua. Akakataa. Alikuwa amesikia redioni habari za visiwa vilivyojaribiwa mabomu ya nyuklia, na jinsi watoto wa huko walivyoota uvimbe shingoni. "Mwanangu, mionzi ni mionzi," akaniambia. Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa mkato: "Mzee, hayo ya visiwani hayakuhusu." Akaondoka. Alirudi baada ya miezi miwili amekonda, na mjukuu anayelala naye chumba kimoja anakohoa pia. Wote wawili walikutwa na kifua kikuu. Alhamdulillah wamepona, lakini jibu langu lile bado linaniuma. Leo nalitoa upya.

Nini kilitokea visiwani?

Mzee hakudanganywa. Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia katika Visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki. Wakazi 167 wa kisiwa cha Bikini walihamishwa kwanza, wakiambiwa ni kwa faida ya wanadamu wote. Tarehe 1 Machi 1954 likalipuliwa bomu lililoitwa Bravo, lenye nguvu takriban mara 1,000 ya lile la Hiroshima.

Kisiwa cha Rongelap kiko kama kilomita 150 kutoka Bikini, karibu mara mbili ya mwendo wa kutoka Moshi mpaka Arusha. Saa chache baada ya mlipuko, majivu meupe yakaanza kuwaangukia wakazi wake. Watoto wakayachezea. Baadaye watu wakatapika, ngozi zikaungua, nywele zikanyonyoka. Iliwachukua siku mbili hivi kabla ya kuhamishwa.

Mwaka 1957 wakarudishwa kwao, wakaambiwa pako salama. Ndugu msomaji, hapa pana somo kubwa. Madrasa tulifundishwa kuyajua maji yaliyoharibika kwa rangi, ladha na harufu. Mionzi haina rangi, ladha wala harufu. Nazi zilikuwa zimeiva vizuri na maji yalikuwa safi machoni, lakini sumu ilikuwa bado ardhini. Waliishi hivyo mpaka 1985, walipoamua kuondoka. Nao watu wa Bikini waliokuwa wamerejea kwao waliondolewa tena mwaka 1978, baada ya vipimo kuonyesha mionzi imezidi miilini mwao.

Inaingiaje mwilini?

Majivu ya bomu hubeba vitu vinavyofanana na madini ambayo mwili unayahitaji. Mwili hauwezi kuvitofautisha, unavipokea.

Kuna madini joto yenye mionzi. Yanaangukia majani, ng'ombe anakula, yanatoka katika maziwa, mtoto anakunywa. Mwilini hukusanyika katika tezi ya shingo. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 8, lakini katika muda huo huwa yameshaumiza. Watoto wengi wa Rongelap waliokuwa chini ya miaka 10 siku ile walipata uvimbe katika tezi hiyo miaka iliyofuata.

Kuna strontiamu, inayojifanya kalsiamu na kukaa katika mifupa na meno. Na kuna sesiamu, inayojifanya potasiamu. Mnazi huinyonya kutoka ardhini kama mgomba wetu unavyonyonya potasiamu, na huchukua kama miaka 30 kupungua nusu.

Je, Afrika haimo?

Imo tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, na wachimbaji Waafrika waliozungumza Kiswahili kama sisi. Ufaransa nayo ilifanya majaribio 17 katika jangwa la Algeria, miongoni mwa ndugu zetu Waislamu, kuanzia tarehe 13 Februari 1960 hadi 1966. Kisha ikahamia visiwa vya Polynesia na kulipua mengine 193 mpaka 1996. Mwaka huo huo nchi za Afrika zilitia saini Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha hizo barani mwetu. Ulianza kutumika mwaka 2009.

Basi eksirei je?

Hili ndilo jibu nililomnyima yule mzee. Majivu ya bomu huingia mwilini na kuendelea kukuchoma kutoka ndani. Eksirei hupita mara moja kama mwanga wa tochi. Mashine ikizimwa, hakuna kinachobaki ndani yako. Picha moja ya kifua ni sawa na mionzi ya asili ambayo kila mtu huipata kwa siku 10 hivi, kutoka ardhini na angani. Mionzi hiyo hiyo, ikipimwa na wataalamu, hutibu saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam.

La kufanya nyumbani

Kwanza, ukiandikiwa eksirei na tabibu, usiikimbie. Uliza ni ya nini. Mama mwenye mimba, au anayehisi anayo, aseme kabla ya kupigwa picha.

Pili, kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kapime, na waliolala nawe wapimwe.

Tatu, linda shingo ya mwanao. Tezi yenye njaa ya madini joto ndiyo inayodaka kwa pupa yale yenye mionzi pia. Hatuombei majivu yatufikie, lakini njaa hiyo peke yake huleta rovu na kudumaza akili ya mtoto tumboni. Huku milimani mvua huyaosha madini joto ardhini, hivyo nunua chumvi iliyowekwa madini hayo. Ihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na jua, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Nne, nasi matabibu tuwajibu wagonjwa. Aliyekuja na hofu hakuja na ujinga.