Kulia si kukosa matumaini

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kufika Tunduma unaujua mji ule: malori yamepanga mstari mrefu yakingoja kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, wabadilishaji fedha wanaita, na wageni kutoka kila pembe ya nchi wanahangaikia riziki. Katika mji wa namna hiyo mtu huweza kufiwa asiwe na ndugu hata mmoja wa kukaa naye matangani. Jirani atakuja, mfanyakazi mwenzako atakuja, mchango utapitishwa, na kabla hujafuta machozi utaambiwa, "Jikaze, kazi ya Mungu haina makosa."

Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Lakini, kwa maoni yangu, mara nyingi husemwa upesi mno. Injili ya Yohana inatueleza kwamba Yesu alifika Bethania akijua kuwa atamwita Lazaro kutoka kaburini, na hata hivyo alilia mbele ya watu. Ikiwa yeye alilia, mjane wa dereva aliyefia barabarani anakatazwa na nani?

Ukitoka Tunduma kuelekea Mbeya utapita katika nchi ya Mbozi, ambako Wamoravian walifungua misheni mwaka 1899. Watu hawa wana desturi ambayo mgeni huishangaa. Siku ya Pasaka huamka kabla ya jua kuchomoza na kwenda kusali makaburini. Jambo hili lilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, kwa kundi la vijana. Katika sala ya alfajiri hiyo hukumbukwa wote waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Mfiwa haambiwi asahau. Husimama pale pale palipomuumiza, akizungukwa na wenzake, mpaka kupambazuke.

Wakristo wa Mbozi walijaribiwa mapema. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka nchi hiyo, na wamisionari wa Kijerumani, miongoni mwao Traugott Bachmann aliyeishi na Wanyiha tangu mwanzo wa misheni, wakaondolewa. Wamisionari wa Moravian hawakuanza kurudi katika nyanda hizo hadi katikati ya miaka ya 1920. Katikati ya kipindi hicho ilizuka homa kubwa ya mafua ya 1918, iliyoua watu wengi mno Afrika Mashariki. Kanisa lilikuwa changa, limeachwa mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Waliouguza na waliozika walikuwa majirani, nao walikuwa na misiba yao wenyewe majumbani.

Basi ukienda kwa mfiwa, usiende na hotuba. Nenda siku ya kwanza ukae kimya. Kisha rudi baada ya wiki tatu, turubai likiwa limekwisha teremshwa na sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe, maana hapo ndipo nyumba huwa kimya kweli. Chukua kilo ya sukari. Akitaka kumtaja marehemu, msikilize hata kama habari ni ile ile ya juzi. Akitaka kusali, sali naye. Asipotaka, mtekee maji.